Sebule Inayowasubiri Wageni: Majibu kwa Wapangaji wa Nyumba za Umma, Arusha na Moshi

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaoishi katika nyumba za kupanga za mashirika ya umma, mijini Arusha na Moshi, watueleze jinsi wanavyoitumia nafasi ya ndani ya nyumba zao. Nilitarajia barua nyingi kuhusu kodi na mabomba yanayovuja. Nyingi ya zilizokuja, hata hivyo, zilihusu nani akae wapi, na saa ngapi. Nimechagua tano, nimezifupisha pale ziliporudia jambo, na majina ya waandishi nimeyaondoa.

Shikamoo Mshauri. Ninaishi Kaloleni, Arusha, katika fleti yenye vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo cha ndani. Tupo saba: mimi na mume wangu, watoto wanne, na mama mkwe. Mama mkwe analala na mabinti wawili, na wavulana wawili wanatandika godoro sebuleni baada ya taarifa ya habari. Sebule ina futi 10 kwa 12, na humo tuna seti ya sofa ya watu saba, meza ya kioo, shokesi na meza ya televisheni. Kazi za shule watoto wanaziandikia kitandani, wamelala kifudifudi. Kila nikisema nyumba ni ndogo, mume wangu ananijibu kwamba kwao walilala tisa chumba kimoja na wote wamesoma. Je, nyumba ni ndogo kweli, au mimi ndiye mwenye makuu?
*Mama wa watoto wanne, Kaloleni*

Marahaba, mama. Huna makuu, wala mume wako hakudanganyi, kwa sababu mnazungumzia mambo mawili yaliyo tofauti huku kila mmoja akidhani mwenzake anabishia lile lake.

Jambo la kwanza ni idadi ya watu kwa kila chumba, ambalo mtu yeyote anaweza kulihesabu akiwa amesimama mlangoni. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, huihesabu kaya kuwa na nafasi ya kutosha iwapo hawazidi watu watatu kwa chumba kimoja cha kuishi. Ninyi ni saba katika vyumba vitatu, yaani wawili na kitu kidogo kwa kila chumba, kwa hiyo kwa kipimo hicho mmefaulu na mume wako ameshinda. Jambo la pili ni ile hali ya kuhisi umebanwa, na hilo halihesabiki kwa kusimama mlangoni. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Daniel Stokols, aliyatenganisha mambo haya mawili na kuonyesha kwamba wingi wa watu peke yake hautoshi kumfanya mtu ajisikie kubanwa; hali hiyo humpata pale mahitaji yake ya nafasi yanapozidi kile anachoweza kukipata au kukiamulia. Wale watu tisa wa utotoni mwa mume wako walilala chumba kimoja, ndiyo, lakini ningependa kumuuliza mchana walikuwa wapi. Nina hakika walikuwa uani, chini ya mti, kwa jirani, shambani, na chumba kile kilikuwa cha usiku tu. Ninyi mnaishi ghorofani, ambako uani hakupo, na kila kilichokuwa kikifanyika uani, kuanzia kusuka nywele hadi kuchambua mchele, kimehamia ndani.

Sasa tuitazame sebule yenyewe kwa futi. Eneo lake ni futi za mraba 120. Sofa ya watu watatu kwa kawaida huchukua kiasi cha futi 7 kwa 3, ya wawili futi 5 kwa 3, na zile mbili za mtu mmoja mmoja futi 3 na nusu kwa 3 kila moja, jumla futi za mraba 57. Ongeza meza ya kioo, futi 4 kwa 2, shokesi futi 6 kwa 1 na nusu, na meza ya televisheni futi 5 kwa 1 na nusu: mmefika 81 na nusu. Sakafu iliyobaki ni chini kidogo ya theluthi moja, na katika theluthi hiyo ndimo mnamopita kwenda vyumbani na jikoni, ndimo wavulana wanamotandika godoro, na ndimo ulimotarajia mtoto aweke daftari. Mpangaji mkubwa kuliko wote katika fleti yako, mama, ni seti ya sofa, na yeye halipi kodi.

Ili usidhani ninakebehi, nikupe mfano wa mbali ambao namba zake zinafanana na zako kwa namna ya kushangaza. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1953 moto uliteketeza mtaa wa vibanda wa Shek Kip Mei huko Hong Kong, na serikali ya huko ikaanza kuwajengea walioathirika majengo ya ghorofa. Chumba cha kawaida katika majengo yale ya mwanzo kilikuwa na futi za mraba 120, sawasawa na sebule yako, na kilikusudiwa kuwa nyumba nzima ya watu wazima watano, futi 24 kwa kila mmoja, huku choo na bomba vikichangiwa na wakazi wa sakafu nzima na mapishi yakifanyika nje ya mlango, kwenye baraza. Simtakii mtu yeyote maisha yale. Ninachokiona ndani yake ni kwamba familia zile hazikuweza kumudu kitu kinachokaa mahali pamoja kutwa kucha bila kufanya kazi: meza ilikunjwa, kitanda kilikunjwa, na sakafu ileile ilibadilishiwa shughuli mara kadhaa kwa siku.

Kwenu, sebule imebaki na kazi moja, nayo ni kumsubiri mgeni. Siidharau kazi hiyo. Ninajua kwamba sala za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba na zamu yenu itafika, kwamba ndugu wa ukoo hawapokelewi jikoni, na kwamba mwanamume ambaye mgeni wake amekosa pa kuketi huona aibu ambayo haimtoki upesi. Hata hivyo nakuomba uweke karatasi ukutani kwa mwezi mmoja na kila aketiye katika zile sofa mbili ndogo, asiye wa nyumbani, umwandike. Siku ya jumuiya nafasi saba za sofa hazitoshi kwa vyovyote, watu hukalia viti vya plastiki vya kuazima. Na siku ya msiba, Mungu apishe mbali, turubai hufungwa nje.

Kabla ya kuuza chochote, lakini, kuna chumba ambacho hukukitaja kabisa katika malalamiko yako, nacho ni chako na mume wako. Nimeingia katika nyumba nyingi za aina hii na karibu kila mara nimekuta chumba cha wazazi kikiwa kimefungwa tangu asubuhi hadi saa 4 usiku, ndani mna kitanda, masanduku na mablanketi ya wageni, na sebuleni watoto wanapigania pembe ya meza. Inaeleweka: chumba cha wazazi ni cha heshima, na mtoto haingii ovyo. Lakini ubao wa futi 4 uliofungwa ukutani kwa bawaba, chini ya dirisha, unaweza kuwa meza ya kusomea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, mlango ukiwa wazi na pazia limening'inia, kisha ukakunjwa na chumba kikarudi kuwa chenu. Fundi seremala yeyote anauweza. Nakushauri uanze na hilo kwa sababu halimgusi mgeni wala halipunguzi heshima ya mtu.

Hilo likizoeleka, ndipo umwambie mume wako kuhusu zile sofa mbili ndogo. Mahali pake liwekwe benchi lenye mfuniko, lililotandikwa mto, ambalo ndani yake godoro la wavulana, likiwa jembamba la kukunja, litalala mchana. Ukuta wa shokesi ungewafaa wavulana hao kwa kabati refu la nguo, maana kwa maelezo yako hawana hata rafu moja iliyo yao. Usianze mazungumzo kwa kusema nyumba ni ndogo. Mwoneshe hesabu ya futi, na ile karatasi ya wageni.

Mshauri, mimi ni dada wa kazi, nina miaka 22, naishi na familia ya mwajiri wangu katika fleti huku Soweto, Arusha. Ninalala sebuleni, kwa hiyo silali mpaka televisheni izimwe, mara nyingi saa 5 usiku, na ninaamka saa 11 alfajiri kuwaandaa watoto. Nguo zangu zipo kwenye begi nyuma ya mlango wa jiko. Wananitendea vizuri, sina ubaya nao. Mama amesema kama sebuleni napata tabu nihamie jikoni. Je, nikiomba mahali pangu nitaonekana sina adabu?
*Msomaji wa Soweto, Arusha*

Mdogo wangu, swali lako limeandikwa kwa unyenyekevu kuliko linavyostahili, na jibu langu nitalielekeza zaidi kwa mama mwenye nyumba, ambaye naamini gazeti hili linafika mezani kwake.

Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, na ingawa inaruhusu kwa makubaliano ya maandishi kupunguza muda huo kwa mfanyakazi anayeishi mahali pa kazi, haiuruhusu kushuka chini ya saa 8. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye futi na kuta, kuna saa 2 ambazo zinakosekana, na chanzo chake ni mpangilio wa nyumba: ambaye chumba chake ni sebule ya watu wengine hulala wanapoamua wao. Katika nyumba nyingi tunazoziita ndogo, mtu mmoja ndiye anayeubeba udogo wote, na wengine wanaiona nyumba ni ya kawaida tu.

Jikoni usihamie. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama chini sakafuni, hapohapo lilipo godoro. Hilo mweleze mama kama lilivyo, na ninaamini atakuelewa mara moja.

Kinachowezekana katika fleti kama hiyo ni kumhamishia dada chumba cha watoto wa kike, kwenye kitanda cha dabodeka, kama umri na idadi yao vinaruhusu. Au, pasipowezekana, kuitenga kona ya sebule iliyo mbali na televisheni kwa kuligeuza kabati refu liwe ukuta na kuweka pazia zito upande uliobaki, na televisheni izimwe saa 3 usiku siku za shule. Vyovyote itakavyokuwa, apate droo au sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake anao yeye peke yake. Inashangaza jinsi jambo hili la mwisho, ambalo halichukui hata futi moja ya sakafu, linavyombadilisha mtu namna anavyokaa ndani ya nyumba. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Chagua siku ambayo mama hana haraka, useme ukiwa mmekaa, na uanze na suala la usingizi, kwa sababu dada asiyelala ndiye anayewavusha watoto barabara asubuhi.

Mimi ni mstaafu, ninaishi Moshi mjini tangu mwaka 1979, ghorofani katika jengo la zamani lililo juu ya maduka. Nina vyumba viwili vikubwa vinavyofuatana, dari iko juu sana, na baraza ya nyuma tunaichangia na majirani. Watoto wangu wakija kutoka Dar es Salaam wanasema nafasi inapotea bure, nigawe chumba kikubwa kwa ukuta wa jipsamu ili nipate cha kumpangisha mwanafunzi. Kwa sasa nimehifadhi humo magunia ya mahindi na mbao za nyumba yangu ya kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho, ninakokwenda kila Jumamosi. Unasemaje?
*Mzee wa Moshi mjini*

Shikamoo mzee wangu. Ninasema usigawe, na nitakueleza kwa nini kwa kuanzia na jengo lenyewe.

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, lakini majengo mengi ya katikati ya miji yetu, Moshi na Arusha, hayakujengwa na Shirika. Yalijengwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kiasia, na yakachukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na za Shirika mwaka 1990. Aliyejenga alikuwa na picha ya familia moja kubwa, babu hadi wajukuu, duka likiwa chini, watu wakiwa juu, maji na mapishi yakiwa nyuma. Ndiyo maana vyumba vyako vinafuatana, kimoja kinafungukia kingine, bila korido: hapakuwa na haja ya kumficha mtu asimpitie mwenzake. Baada ya 1971 kila chumba au viwili vikawa kaya inayojitegemea, na baraza ya nyuma, iliyokuwa ya familia moja, ikawa njia ya watu wote. Jengo halikubadilika, waliobadilika ni wakazi, na tangu hapo wapangaji wamekuwa wakilazimisha nyumba ya ukoo iwe nyumba za watu mbalimbali.

Urefu wa dari unaoonekana kama hasara ndio unaokufanya uweze kulala mwezi Februari. Moshi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na joto lake la kuanzia Januari hadi Machi unalijua kuliko mimi. Hewa ya moto hupanda juu ya kichwa chako, na dirisha la barabarani likikabiliana na mlango wa barazani upepo hupita moja kwa moja. Ukuta wa jipsamu kutoka sakafuni hadi darini utaukata upepo huo, upande mmoja utabaki na dirisha na mwingine na mlango, na vyote viwili vitakuwa vya moto. Kama ni lazima pagawanywe, uwe ukuta wa mbao wa futi 7 tu, juu pakiwa wazi, ambao unaweza kuondolewa bila kuacha tundu. Lakini hapo mwanafunzi atasikia kila kikohozi chako na wewe kila simu yake, na sidhani kama kodi yake itafidia.

Kisha kuna mkataba. Mikataba mingi ya upangaji wa nyumba za umma inakataza mpangaji kupangisha wengine au kubadili jengo bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Usome wako kabla fundi hajapigilia msumari.

Kuhusu magunia na mbao, hapo watoto wako wana hoja, ingawa wameishika pabaya. Wewe mzee, kama wazee wengi wa Moshi, moyo wako uko kihambani, na nyumba ya mjini umeitumia kwa miaka yote hii kama kituo cha kupitia, ndiyo sababu hukuona shida igeuke ghala. Wao wamezaliwa humo. Waulize wanalala wapi wanapokuja. Huenda yote haya ya jipsamu ni namna ya kukuambia kwamba wangependa kukuta kitanda badala ya mahindi. Mbao zipande Kibosho Jumamosi ijayo.

Nimeoa mwaka huu, tunaishi Sekei, Arusha, ghorofa ya pili. Chumba cha kulala kinatazama kusini. Tangu Juni ukuta wa nyuma ya kabati umeota ukungu mweusi, na nguo zinanuka. Kwa sababu ya manyunyu tunaanika ndani. Baridi ikizidi tunaingiza jiko la mkaa chumbani, lakini tunasubiri kwanza moshi uishe na mkaa uwe mwekundu. Jirani anasema ukishakuwa mwekundu hauna madhara. Tufanyeje na ukungu?
*Bwana harusi, Sekei*

Ukungu utasubiri kidogo. Jiko la mkaa litoke chumbani leo.

Jirani yako amekosea, na kosa hili limeua watu. Mkaa uliokolea, usio na moshi wala harufu, ndio huo unaotoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani, hainusiki, na humfanya mtu asinzie kabla hajajua kwamba anakosa pumzi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Kama kuna maumivu ya kichwa mnayoyapata asubuhi na kuyahusisha na baridi, yachukulieni kuwa onyo na mwende kituo cha afya.

Sasa chumba. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini haupati mwanga wa jua hata saa moja. Ukuta huo hubaki baridi. Ninyi wawili mnapumua usiku kucha, nguo mbichi zinakauka ndani, na mvuke wote huo ukigusa ukuta wa baridi, hasa nyuma ya kabati ambako hewa haipiti, hugeuka maji, na penye maji ukungu huota. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi joto 18 kuwa kiwango cha chini kinachofaa ndani ya nyumba katika maeneo ya baridi. Usiku wa Julai kule Sekei, ndani ya fleti isiyo na kipasha joto, si ajabu mkawa chini ya hapo.

Sogezeni kabati litoke ukutani kwa upana wa kiganja, na ikiwezekana lihamie ukuta wa ndani, unaopakana na sebule, ambao hauwi baridi. Madirisha yafunguliwe saa 6 hadi saa 9 mchana hata kama kuna mawingu. Ukungu uliopo usugueni kwa maji yenye klorini ya kufulia, mkiwa mmefungua dirisha na kuvaa glavu, na msichanganye klorini hiyo na siki wala dawa nyingine yoyote ya usafi. Nguo zianikwe kwenye roshani, au kwa zamu na majirani chini ya paa la ngazi kama mnaelewana. Zikishindikana, zianikwe sebuleni na mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Na mke wako aulizwe kama chumba chenu lazima kiwe hicho. Iwapo sebule yenu inatazama kaskazini, hakuna sheria inayowazuia wawili mliooana juzi kulala sebuleni Juni hadi Agosti na kuwapokelea wageni upande wa pili.

Maji yanakatika mara kwa mara. Nina pipa moja la lita 200 jikoni na nataka kuongeza mawili kwenye roshani, ghorofa ya tatu. Fundi anasema hakuna tatizo. Ni kweli?
*Mpangaji, Arusha*

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mapipa mawili yakijaa ni kilo 400, mbali na mapipa yenyewe, zikikaa mchana na usiku mahali pamoja juu ya roshani ambayo imetokeza nje ya jengo na ambayo, katika majengo ya miaka mingi, nondo zake huenda zimeshaanza kutu. Fundi wa kupaka rangi hawezi kukujibia hilo. Anayeweza ni mhandisi wa mwenye nyumba, naye aulizwe kwa barua. Mpaka atakapojibu, tumia madumu ya lita 20 uyagawe chini ya vitanda, pembeni mwa jiko na kando ya kuta za ndani, yakiwa yamefungwa vifuniko ili mbu wasizaliane, na ukiona ufa mpya pale roshani inapoungana na jengo, toa hata vyungu vya maua.